Jicho Nililomrudishia Eustaki

Mume wangu Eustaki ana jicho moja linaloona, la kulia. Nasema ana, sisemi alikuwa nalo, na asiyependa nisemavyo aniache nilivyo. La kushoto liliharibika mwaka tuliompata Leonardi, wakati wa kupura ulezi. Fimbo ilipasuka mkononi mwa kaka yake, kibanzi kikaruka, kikamwingia. Tulipaka dawa ya majani, tukaenda hospitali, tukarudi. Likatanda chamba cheupe kama maziwa yaliyoganda, likabaki hivyo hadi leo.

Tangu mwaka ule mimi hukaa kuliani kwake. Kanisani, harusini, msibani, jikoni tukiota moto, Albina yuko kulia. Nikikaa kushoto nikamgusa, anashtuka, halafu ananuna kama nimemwibia. Watoto wetu wamekua wakijua kwamba kuliani kwa baba hapakaliwi na mtu mwingine.

Jambo lingine la kuwaambia ni vitendawili. Kuna ndoa zinazolelewa kwa pombe, na nyingine kwa ugomvi. Yetu tuliilea kwa vitendawili. Mimi ndiye mtegaji. Yeye akishindwa hunipa mji, kama ilivyo desturi, niende huko nikarudi na jibu. Wengine wakishindwa hutoa miji mikubwa yenye maghorofa. Eustaki miaka yote hunipa Chala, kwa sababu ndiko alikonitoa. Baba yangu alilima pale. Ndugu zangu wamehama wote na waliobaki wako makaburini, lakini Chala ni mali yangu, nimepewa mara elfu.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Popoo mbili zavuka mto."

Zamani alikuwa anajibu, "Macho. Lakini mimi popoo yangu moja ilizama," na tunacheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Miaka mitatu hii ameanza kusahau. Kwanza alisahau majina ya wajukuu, kisha njia ya shambani, kisha Kiswahili chenyewe kikaanza kumtoka, akawa anarudi kwenye Kifipa cha mama yake. Nikimtegea popoo mbili ananitazama kwa lile jicho lake zuri, anafikiri, anafikiri, halafu anasema, "Sijui. Nakupa Chala."

Naipokea. Nitafanyaje?

Basi Krismasi iliyopita Leonardi alinipa simu ya kupangusa. Mwalimu wangu akawa binti yake, Hellena, aliyemaliza kidato cha nne na anakaa nasi hapa Izia, kule pembeni mwa mji nyumba zinakoishia na mashamba kuanza. Hellena ana mkono wa picha. Akipiga picha ya sufuria jeusi unatamani kulinunua.

"Bibi, kwanza kabisa futa kamera. Unaishika ukitoka kukaanga, ina mafuta."

Nikaifuta kwa upindo wa kitenge.

"Pili, jua likupige wewe mgongoni, lisimpige babu mgongoni. Ukimweka babu mbele ya jua anakuwa kivuli."

"Na huyu kuku?"

"Kuku tutamfuta baadaye. Tatu, usivute picha kwa vidole, inachakaa. Ukimtaka babu karibu, tembea umfuate."

"Nitembee na magoti haya?"

"Tembea, mke mwenzangu. Mume ni wako, mimi nakusaidia tu kupika."

Ndivyo tulivyokuwa tunataniana. Akanifundisha kubana viwiko kwenye mbavu simu isitikisike, na kubonyeza pumzi ikiwa imetulia. Akanifundisha pia kwamba patupu kwenye picha panakula sura ya mtu. "Ukiona pembeni pamebaki patupu, Bibi, pakate. Mtazamaji aende moja kwa moja usoni." Nikamtegea kitendawili changu kipya, anakula mwanga, anatapika watu, naye akasema kamera kabla sijamaliza. Nilifurahi sana siku zile. Nisiseme uongo.

Halafu akanionyesha kuediti.

Mwezi wa nane tunatimiza miaka hamsini ya ndoa. Jubilei. Leonardi alisema patakuwa na bango kubwa mlangoni mwa kanisa, lenye picha yetu. Hellena akatupiga picha saa tatu asubuhi kwenye benchi la mbele ya nyumba, mimi mahali pangu, Eustaki na kofia yake ya sufu. Picha ilikuwa nzuri. Lakini kulikuwa na ndoo nyuma, nikaifuta kwa kidole. Kulikuwa na kuku, nikamfuta. Ukuta wa choo cha jirani, nao nikaufuta, pakaota majani. Mtu akipewa nyundo kila kitu anakiona msumari. Nikafika usoni.

"Hellena, na hili jicho linatoka?"

"Linatoka, Bibi. Tunachukua lile zima, tunaligeuza, tunaliweka upande wa pili."

"Nionyeshe."

Nilishinda na kazi hiyo siku mbili, miwani puani. Nikaliweka. Nikalainisha mikunjo ya paji la uso, nikaongeza mwanga mashavuni, nikaziba pengo la jino. Mzee wa miaka sabini na sita akawa mtu wa hamsini mwenye macho mawili, anakutazama wima. Nililia, nawaambia. Niliona mtu ambaye angekuwa mume wangu kama fimbo ile isingepasuka.

Nikampelekea aone. Akageuza uso kuleta jicho lake.

"Huyu nani?"

"Ni wewe."

"Kijana mzuri. Wa ukoo gani?"

"Wa kwako, Eustaki."

"Na huyu wa pembeni yake?"

"Si Albina huyo."

"Albina anaolewa?"

"Anaolewa mwezi wa nane," nikamwambia nikicheka.

"Anaolewa na huyu?"

"Na huyu huyu mwenye macho mawili."

Hakucheka. Akanirudishia simu, akatazama nje. Nilidhani ameshasahau tulichokuwa tunasema.

Nami nikanogewa. Nikachukua picha zote za Eustaki, za Pasaka, za shambani, za ubatizo wa mjukuu, nikazitengeneza moja moja, nikawatumia watoto wote na wakwe. Simu ilipoandika kwamba imejaa, Hellena akauliza, "Bibi, nizifute zile za mwanzo?" Nikamjibu, "Futa. Za nini zile mbaya?" Hayo ni maneno yangu mimi. Hakuna wa kumsingizia.

Eustaki aliondoka Jumanne, mwezi wa sita, ulezi ukiwa umeanikwa. Nilikuwa nyuma ya nyumba napiga picha ya ulezi kwenye turubai, jua likiwa mgongoni mwangu kama nilivyofundishwa. Kulikuwa na ufagio pembeni, nikakaa chini nihangaike kuufuta. Nilipoingia ndani kumpelekea uji, kiti kilikuwa kitupu na mlango wa mbele uko wazi.

Tulianza kwa kuita. Halafu tukazunguka mashamba ya jirani, mabondeni, sokoni, stendi. Jioni ile upepo wa Ufipa ulivuma, ule wa mwezi wa sita unaopita kwenye matundu ya sweta, nami nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu, amevaa nini. Koti lake la kijivu halikuwepo kwenye msumari. Nikamwambia Leonardi, amevaa koti la kijivu.

Leonardi akaenda polisi, wakaandika. Kisha akakaa na Hellena wakatengeneza tangazo. ANATAFUTWA, jina, miaka sabini na sita, koti la kijivu, kofia ya sufu, ana tatizo la kumbukumbu, namba za simu. Picha waliyoweka ni ile ya jubilei, kwa sababu ndiyo nzuri kuliko zote. Hellena akanikata mimi, likabaki bega langu. Jicho hakuna aliyelitaja. Mtanishangaa, lakini sisi wa nyumbani hatulioni tena lile jicho, kama usivyoiona pua yako. Kwetu ni sura ya baba, basi.

"Ameelekea Mwimbi," Leonardi akasema. "Mwezi mzima anataja shamba lake la zamani la Mwimbi."

"Na Chala?" nikauliza.

"Mama, Chala ana nani?"

Kitendawili si ushahidi. Akapanda pikipiki na mwenzake kwenda Mwimbi, na mimi nikabaki na simu.

Mwenye mgonjwa atamuuguza, mwenye maiti atazika. Mwenye mtu aliyepotea hana kazi. Unakaa. Ukipika unajiuliza unampikia nani, ukilala unaona aibu kujifunika blanketi. Tangazo lilienda kwenye magrupu yote, ya jumuiya, ya parokia, ya wafanyabiashara, ya madereva wa malori, mpaka Namanyere, mpaka Mpanda. Na watu ni wema, jamani. Picha za wazee zikaanza kumiminika. Mzee amelala chini ya gari. Mzee anakula muwa. Mzee amelewa anacheka. Kila moja nilikuwa naifungua kwa mikono yote miwili, na kila moja haikuwa Eustaki, na kila mara nilikuwa nalia kama ndiyo ya kwanza.

Felisian, katibu wa jumuiya yetu, akanihurumia. Ni kijana mpole, amehamia kutoka Mpanda mwaka jana. Eustaki alikuwa ameshaacha kuja kwenye sala za jumuiya, kwa hiyo Felisian hakuwahi kukaa naye uso kwa uso.

"Mama Albina, utakufa kwa presha. Niachie mimi. Tutaandika watume kwangu, mimi nichambue. Anayefanana nitakuletea mbio."

"Utamjua?"

"Picha si ninayo, mama? Tena iko wazi kweli kweli."

Nikamshukuru. Nilimshukuru mara mbili.

Jumatano ikapita. Alhamisi Leonardi akarudi kutoka Mwimbi, vumbi mpaka kwenye kope. Kila nyumba aliyoingia walitazama tangazo wakatikisa kichwa. Alinywa maji, akainama mbele yangu, mwanaume wa miaka arobaini na mitano, akaweka kichwa kwenye magoti yangu. Nilimpangusa vumbi.

Ijumaa asubuhi Marsiana akaja. Marsiana ni jirani yetu kwa miaka thelathini, alikuwa amekwenda kuzika kwa wifi yake, wiki nzima hayupo na simu yake haina chaji. Akanikumbatia mlangoni, akakaa, akanitazama kwa mashaka.

"Albina, nimepita pale kwenye nguzo nimeona tangazo. Jina la Eustaki nimelisoma. Lakini mmekosea picha."

"Tumekoseaje?"

"Mmeweka ya mtu mwingine. Mdogo wake sijui? Yule pale ana macho mawili."

Hellena alikuwa anaosha vyombo. Nikasikia sahani inaanguka.

Nilisimama nikakaa. Nikasimama tena. Siku tatu nchi nzima ya Rukwa inamtafuta mtu ambaye nilimtengeneza mimi kwa kidole changu, na Eustaki anapita katikati yao na jicho lake jeupe, mikunjo yake, pengo lake, hakuna anayemwona. Nani amwone? Nilimfuta kama ndoo.

"Tafuta ile ya mwanzo," nikamwambia Hellena.

"Tulifuta, Bibi."

"Kwa baba yako?"

"Ulimtumia iliyoeditiwa."

"Kwa shangazi zako?"

"Wote, Bibi. Wote tuliwatumia hizo hizo."

Kitambulisho cha taifa hana, ana namba tu kwenye karatasi. Nikakumbuka kadi yake ya zamani ya kupigia kura. Nikafungua sanduku. Kadi nikaiona, na picha imefutika kwa miaka, limebaki doa la mtu. Lakini sandukuni nikaona na kitu kingine, au tuseme sikukiona. Koti jeusi la jubilei, lililoshonwa mwezi wa tano, halipo. Lile la kijivu lilikuwa limekunjwa vizuri mahali pa lile jeusi.

Alikuwa amevaa la harusi.

"Marsiana," nikasema, "amekwenda Chala. Amekwenda kunichukua, nisiolewe na yule mwingine."

Marsiana akaniangalia kama naweweseka, lakini Hellena alikuwepo siku ile ya picha, alisikia. Akajifunika uso kwa kanga.

Nikaomba simu. Kama niliweza kumwondolea jicho, nitamrudishia. Hellena akanifungulia mahali pa kuchora, penye kalamu na rangi. Nikachagua nyeupe. Na hapo ndipo nilipokwama, nawaambia ukweli wa Mungu. Macho mawili yananitazama sawasawa, na mimi mwanamke wa miaka hamsini ya ndoa sijui ni lipi. Kushoto kwake au kushoto kwangu? Kichwa kiligoma kabisa. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi mahali pangu, nikaitazama ile picha tena. Bega langu lilikuwa limebaki pembeni. Jicho lililo karibu na bega langu ndilo zima. La mbali ndilo bovu.

Nikalipaka. Kidole kilipitiliza, rangi ikamwagika mpaka shavuni, ikawa kama kinyesi cha ndege. Nikachukua nyeusi nikamchora mikunjo, nikamtoboa jino. Mtoto wa chekechea angechora vizuri zaidi.

"Tuma hivyo hivyo," nikasema. "Andika, jicho la kushoto jeupe. Andika koti jeusi jipya. Namba weka yangu."

Haikupita saa moja, simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Naitwa Sauda, nina duka hapa Chala karibu na barabara ya Namanyere. Mama, huyu mzee wa kwenye hii picha ya kuchorwa, nilikuwa naye Jumatano."

"Yuko wapi?"

"Alikaa kwenye benchi langu, mama. Nilimpa chai. Nilijua kuna tangazo, nikalinganisha, naona wa kwenye tangazo ana macho yote, amevaa kijivu. Lakini moyo ukakataa. Nikampiga picha nikaituma kule mlikosema."

"Ukaituma."

"Nikaituma. Wakanijibu siye."

Nilimwambia Felisian alete simu yake. Alikuja mbio, akapekua, akaikuta, Jumatano, saa tano na robo. Chini yake, maneno yake mwenyewe: Siye. Wetu ana macho mawili. Asante dada, Mungu akubariki.

Akaanguka magotini palepale uani. Aliomba msamaha mpaka sauti ikakatika. Nikamwambia, inuka mwanangu, wewe ulilinganisha picha na picha. Na ni kweli, ndicho alichofanya. Angefanya nini zaidi ya hapo?

Akanitumia hiyo picha kwenye simu yangu, lakini sikuifungua. Nilitaka kumwona yeye.

Jumamosi alfajiri tukapanda gari, mimi, Leonardi na Hellena. Sauda alikuwa anatusubiri nje ya duka na mtandio wake, macho yamevimba, mwanamke wa umri wa mwanangu. Akanishika mikono yote miwili.

"Mama, ningemfungia dukani. Ningejua, ningemfungia."

"Alikuja na nini?"

"Alishuka kwenye lori la mahindi. Dereva alicheka, akasema mzee amemsimamisha njiani eti anawahi harusi. Akaniuliza nyumba ya mtu, mzee fulani, kwa Kifipa. Mimi nimezaliwa hapa, nakisikia, lakini huyo mtu hatumjui."

Akataja jina. Lilikuwa la baba yangu.

Benchi lilikuwepo, la mbao, limewekwa ukutani chini ya bati. Sauda akaonyesha alipokaa. Si katikati. Alikuwa amejisogeza kushoto mpaka mwisho kabisa, nusu ya mwili nje.

"Wateja walikuja wakataka kukaa. Nikamwambia babu, jisogeze, nafasi hii yote. Akakataa, akaweka mkono pale pabaki. Akasema kuna mtu anakaa hapo, anakuja."

"Upande wa kulia," nikasema.

"Ndiyo mama, wa kulia. Walipojibu kwamba siye, nikasema basi, huyu ana wenyewe wanaokuja. Adhana ikatoka, nikaingia ndani kuswali. Nilipotoka hayupo. Kikombe amekiweka vizuri."

Tulitafuta siku mbili. Watu wa Chala waliacha mashamba yao, Waislamu na Wakristo, wakatembea mistari kama wanaofukuza ngedere. Mahali ilipokuwa nyumba ya baba yangu pana shamba la mahindi lililokwisha vunwa, mabua yamesimama. Nikaingia humo nikaita. Mtu mmoja alisema Jumatano ileile jua likizama aliona mzee mwenye koti jeusi anatembea pembeni mwa barabara, taratibu, anatazama upande mmoja. Mwingine akasema ilikuwa Alhamisi na alikuwa anaelekea upande mwingine. Baada ya hapo hakuna aliyeona kitu.

Leo ni siku ya kumi na tisa. Padre aliniuliza tuifanyeje tarehe ya jubilei, nikamwambia aiache ilipo. Bango limekuja kutoka kwa wachapaji, liko chini ya kitanda limefungwa kama mkeka. Sijalikunjua. Usiku baridi inauma na mimi najifunika, kwa sababu mwili ni mjinga, hauwezi kukaa kwenye baridi kwa ajili ya mtu mwingine. Jioni nikiwa jikoni mdomo unanitoka wenyewe, kitendawili, na Hellena kwa huruma anasema tega, nami nagundua sina cha kutega.

Asubuhi hii Hellena alikuja kukaa karibu yangu. Watu wa Kirando na wa Mpanda wameomba tangazo jipya, wachape wabandike. Tangu tulipotoka Chala picha ya Sauda ndiyo tunayotumia, lakini tulikuwa tunaituma tu kwenye simu, haraka haraka, na mimi nilikuwa sijaitazama vizuri hata mara moja. Leo niliitazama.

Ni picha mbaya, nikifuata niliyofundishwa. Jua halikumfikia chini ya bati, uso umeingia kivulini. Imepinda. Simu ya Sauda ilikuwa na vumbi, kuna ukungu pembeni. Kuna ndoo, kuna mguu wa mteja, kuna nusu ya gunia. Na Eustaki yuko mwisho wa benchi, kwenye koti jeusi lililojaa vumbi la mahindi, amevaa kofia ya sufu, kikombe mkononi. Chamba cha jicho kinang'aa. Mikunjo yote ipo. Mdomo umefunguka kidogo, na pengo lipo. Ndiyo picha yake pekee duniani.

Hellena akaanza kuishughulikia. Kidole chake kimezoea, alikuwa ameshaongeza mwanga kabla sijasema.

"Rudisha."

"Bibi, uso hauonekani vizuri, nimeongeza kidogo tu. Jicho sijaligusa, naapa."

"Rudisha ilivyokuwa."

Akarudisha. Akajaribu tena, kwa upole, kama unavyomwongelesha mgonjwa.

"Basi tukate huku tu, Bibi. Wanaochapa wanataka sura kubwa. Huku kote ni patupu, benchi tu. Tukikata hapa babu anakuja karibu."

Akaweka ile mistari ya kukatia. Nikaiona inasogea juu ya mbao, inapita mkono wa Eustaki uliolala juu ya benchi, kiganja kimefunguka, kimetunza nafasi.

Nikamshika kidole.

"Hapo pangu," nikamwambia.

Hellena aliitazama picha muda mrefu. Halafu akaiondoa ile mistari, tukaituma na ndoo yake, na gunia, na mguu wa mtu, na pale pangu pote.